Jioni tano na mwelekezi mmoja: Chama cha filamu kinavyoweza kuwafaa wakazi wa mpakani

MTU anayetaka kutazama filamu jioni katika eneo la Matayos, Kaunti ya Busia, huwa na njia mbili. Anaweza kujifungia chumbani na simu yake, akatazama kipande leo na kipande kesho kadiri salio linavyomruhusu. Au anaweza kwenda kwenye kibanda cha video, akabanana na wenzake kwenye benchi na kutazama chochote ambacho mwenye kibanda ameamua kuonyesha, maadamu usiku huo hakuna mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza.

Ipo njia ya tatu, ambayo ughaibuni ina umri wa karne nzima lakini ambayo huku kwetu bado husikika kama jambo la wasomi wa Nairobi. Nayo ni kundi dogo la watu wanaokubaliana kutazama, kwa pamoja na kwa mpangilio, filamu za mwelekezi mmoja tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na kuzijadili.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi shughuli hiyo inavyoendeshwa, na kwa nini miji ya Busia na Malaba, pamoja na vituo vidogo vilivyo kandokando ya barabara ziendazo huko, ni mahali panapoifaa kuliko wengi wanavyodhani.

Kwanza, mwelekezi ni nani? Watanzania humwita mwongozaji, na huenda neno lao ni bora kuliko letu. Ndiye anayeamua kamera isimame wapi, mwigizaji aseme kwa sauti gani, na tukio likatwe lini. Watazamaji wengi humjua mwigizaji na kusahau jina la mtu huyu, kama vile msomaji anavyomjua mwandishi wa habari bila kumjua mhariri aliyeinyoosha habari yenyewe.

Vijana wa Ufaransa wa miaka ya 1950, akiwemo François Truffaut, ndio walioshikilia kwa ukali kwamba filamu ina mwenyewe, sawa na riwaya. Waliyajua hayo kwa kukesha katika vyama vya filamu, ambavyo vilikuwa vimeanza nchini mwao tangu miaka ya 1920. Uingereza ilipata chama chake, Film Society ya London, mwaka wa 1925. Hoja ya vijana hao ilitiwa chumvi, kwa kuwa filamu ni kazi ya mikono mingi, na mwenye fedha huwa na usemi wake. Hata hivyo, ndani yake mna ukweli usiopingika. Hakuna mwalimu wa fasihi atakayedai kwamba anamjua Shaaban Robert kwa kusoma Kusadikika peke yake. Ni lazima asome na Kufikirika, Adili na Nduguze, na Utubora Mkulima, ndipo aone ni mawazo gani yalimwandama mwandishi huyo maisha yake yote.

Barani Afrika, aliyeonyesha vyema zaidi maana ya kutazama kwa pamoja ni Ousmane Sembène wa Senegal. Mtu huyu alikuwa kuli katika bandari ya Marseille kabla ya kuwa mwandishi wa vitabu, kisha akatambua kwamba wengi wa wale aliotaka kuzungumza nao hawakujua kusoma. Akageukia filamu. Tangu La Noire de… ya mwaka wa 1966 hadi Moolaadé ya 2004, alizoea kubeba filamu zake hadi vijijini, akazionyesha, na kubaki hapo kusikiliza ubishi uliofuata. Kwake sinema ilikuwa shule ya jioni.

Lakini msomaji asidhani kwamba Afrika Mashariki ilikaa gizani. Kati ya mwaka wa 1935 na 1937, mradi wa kikoloni uliofahamika kama Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu fupi za mafunzo na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Lengo lilikuwa kumfunza Mwafrika kilimo, usafi na utiifu. Maelezo yalitolewa kwa lugha za wenyeji, mara nyingine kupitia kipaza sauti. Yaani tangu mwanzo kabisa, filamu katika nchi zetu ilikuwa na mtu wa pembeni anayeizungumzia.

Mtu huyo wa pembeni hajaondoka. Upande wa pili wa mpaka, nchini Uganda, anaitwa VJ. Katika vibanda vya Kampala, ambavyo wenyewe huviita bibanda, mfasiri huyu hushika kipaza sauti na kueleza kwa Kiganda kila kinachotendeka kwenye filamu ya Kimarekani, ya Kihindi au ya Kichina. Mara hutafsiri, mara hubuni, mara humtania mwigizaji na kumpa jina la jirani. VJ Jingo ni miongoni mwa waliojipatia umaarufu mkubwa kwa sanaa hiyo. Tanzania nayo ilimpata Lufufu, aliyesimulia kwa Kiswahili, na Kenya ikampata DJ Afro, ambaye sauti yake imesikika katika vibanda vingi vya nchi hii.

Santuri za VJ huvuka mpaka kama vile sukari, mayai na nguo za mitumba zinavyovuka. Ikumbukwe kuwa hapa ndipo neno bodaboda lilipozaliwa, pale waendesha baiskeli walipowabeba abiria na mizigo kutoka kizuizi kimoja cha mpaka hadi kingine. Kwa hiyo kijana wa Burumba au Malaba amekulia katikati ya mikondo mitatu: filamu za Riverwood za Nairobi, nyingi zikiwa kwa Kikuyu, santuri za Kampala kwa Kiganda, na filamu za Bongo kwa Kiswahili. Nyumbani huenda anazungumza Kikhayo, Kisamia, Kiteso au Dholuo. Chama cha filamu kitakachokutana hapa hakina budi kuendesha mjadala wake kwa Kiswahili, si kwa sababu ya uzalendo, bali kwa kuwa hakuna lugha nyingine ambayo wote chumbani wataielewa.

Mwelekezi gani?

Swali la kwanza la chama chochote ni: tuanze na nani? Jibu jepesi mpakani lingekuwa Isaac Nabwana wa Wakaliga, mtaa wa mabanda jijini Kampala. Huyu alikuwa akifyatua matofali, na hadithi za filamu alizipata utotoni kwa kusimuliwa na ndugu yake aliyekuwa akienda kuzitazama. Filamu yake, Who Killed Captain Alex? ya mwaka wa 2010, inasemekana kuwa iligharimu chini ya dola 200. Bunduki zake ziliundwa kwa vyuma chakavu.

Nabwana anafaa kwa sababu kazi yake inafichua uchumi wa filamu waziwazi. Waigizaji wake waliziuza santuri wenyewe, mlango kwa mlango, wakigawana mapato, na iliwapasa kumaliza biashara katika muda wa takriban wiki moja kabla ya wezi wa hakimiliki kutoa nakala zao. Aidha, filamu hiyo tunayoijua leo ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, kwa sababu nakala asilia ilifutwa ili kompyuta ipate nafasi ya kazi iliyofuata. Mwaka wa 2015 aliomba dola 160 kupitia mtandao ili atengeneze filamu nyingine, akapata zaidi ya 13,000. Mwaka wa 2019 filamu yake Crazy World ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, nchini Kanada. Jioni mbili za Nabwana zitawachekesha wanachama hadi machozi na kuwavuta waje tena.

Hata hivyo, kwa maoni ya mwandishi huyu, mwelekezi anayestahili jioni tano mfululizo katika mpaka huu ni Mkenya, Judy Kibinge. Sababu si kwamba filamu zake zote ni bora. Baadhi ni nyepesi. Sababu ni kwamba safari yake, ikitazamwa kwa mpangilio, ni safari ya nchi yenyewe, na inapita karibu sana na mlango wa watu wa Busia na Malaba.

Kibinge alifanya kazi katika matangazo ya biashara kabla ya kuiacha na kuingia kwenye filamu. Jioni ya kwanza ni ya Dangerous Affair, iliyotoka mwaka wa 2002. Ni hadithi ya mapenzi na usaliti miongoni mwa vijana wa Nairobi wenye magari na kazi nzuri. Mtazamaji wa Matayos aweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, haya yanamhusu nini. Lakini wakati huo Mkenya kwenye filamu alikuwa aidha mwanakijiji wa kufunzwa au mbeba mizigo wa mzungu mwindaji. Kumwonyesha Mwafrika wa mjini akiwa na matatizo ya kawaida ya moyo kulikuwa jambo jipya. Ukiitazama peke yake, hutaliona hilo. Utaona vituko vya wapenzi tu.

Jioni ya pili ingechukua mbili kwa pamoja: Project Daddy ya 2004, kuhusu mwanamke anayetafuta baba wa kumzalia mtoto, na Killer Necklace ya 2008, filamu fupi kuhusu kijana wa mtaa wa mabanda na mkufu anaotaka kumnunulia mpenziwe. Hapa ndipo wanachama waanze kuambiwa watulie waangalie kamera inakotazama. Katika ile ya kwanza fedha zipo, hakuna anayezihesabu. Katika ya pili fedha ndizo zinazoendesha kila kitu, na mapenzi yanageuka kuwa deni.

Jioni ya tatu iwe fupi. Coming of Age, pia ya mwaka wa 2008, ni filamu ya hali halisi ya dakika chache tu, inayofuata demokrasia ya Kenya tangu enzi za Mzee Jomo Kenyatta, kupitia utawala wa Daniel arap Moi hadi wa Mwai Kibaki, kama anavyoiona msichana anayekua. Ikimalizika, muda wote uliobaki ni wa wanachama kueleza wao walikuwa wapi katika enzi hizo. Mpakani, maelezo hayo hayawi mafupi. Mzee aliyeishi hapa miaka ya 1970 atakueleza jinsi kahawa ilivyovushwa kwa magendo usiku wakati wa Idi Amin, na kijana wa leo atadhani anasimuliwa filamu nyingine.

Kisha inakuja jioni ya nne.

Filamu ni Something Necessary ya mwaka wa 2013. Anne, muuguzi, amempoteza mumewe katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mwanawe yumo hospitalini hajitambui, na shamba lao limeteketezwa. Anataka kulijenga upya. Upande mwingine yupo Joseph, kijana aliyekuwa katika genge lililowavamia, ambaye sasa anaandamwa na dhamira na kutafuta njia ya kurekebisha alichokiharibu bila kujulikana. Filamu haiwakutanishi haraka wala haiwapatanishi kwa hotuba.

Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia hizo na mamia ya maelfu wakafurushwa. Katika nchi yote jambo hili linakumbukwa kwa majina ya Naivasha, Nakuru, Eldoret na Kisumu. Ni mara chache hutajwa kwamba mnamo Januari 2008 maelfu ya Wakenya walivuka mpaka huu huu, kupitia Busia na Malaba, wakawa wakimbizi nchini Uganda. Wengi walipokelewa katika kambi ya Mulanda karibu na Tororo, na baadaye wengine wakahamishiwa Kiryandongo. Reli na barabara zilipozibwa, Uganda ikakosa mafuta, na malori yakalazimika kusafiri yakisindikizwa na askari.

Kwa hivyo, filamu hiyo ikionyeshwa Malaba, chumbani huenda mkawa na mama aliyefungiwa duka, aliyewauzia chakula waliokuwa wakikimbia, aliyekimbia mwenyewe, na kijana aliyekuwa amesimama kwenye kizuizi cha barabara akiwa na rungu. Wote wameishi pamoja tangu wakati huo bila kulizungumzia. Ni jambo zito kuwaketisha mbele ya kiwambo kimoja. Kiongozi wa mjadala asithubutu kuuliza nani alifanya nini. Aulize kuhusu Anne na Joseph tu: Je, Anne angemfungulia mlango? Je, kutengeneza ukuta wa mtu ni kuomba msamaha? Watu wataingiza mambo yao wenyewe wakiwa tayari, au hawataingiza kabisa, na hiyo pia ni haki yao.

Hapa ndipo inaonekana kwa nini mpangilio ni muhimu. Chama ambacho kingeanza na filamu hii jioni ya kwanza kingepata kimya cha woga au ugomvi. Baada ya jioni tatu za kucheka na kubishana pamoja, wanachama wamekwisha kujuana, na wamejifunza kusema “kamera” na “mhusika” badala ya “nyinyi” na “sisi”.

Jioni ya tano ni ya Scarred: The Anatomy of a Massacre, ya mwaka wa 2015, inayowapa nafasi manusura wa mauaji ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984. Serikali ilishikilia kwa miaka mingi kuwa waliokufa walikuwa 57, ilhali ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka wa 2013 ilikadiria kuwa walikaribia 1,000. Mtu aliyeitazama Dangerous Affair jioni ya kwanza atajiuliza iwapo kweli ni mwelekezi yule yule. Swali hilo hawezi kulijibu mtu aliyetazama filamu moja.

Kibinge pia alianzisha Docubox, mfuko unaowasaidia watengenezaji wa filamu za hali halisi Afrika Mashariki, kwa hiyo chama kikitaka kuendelea na waelekezi wachanga, mlango wa kubisha unajulikana.

Sheria na masuala ya kibanda

Wengi hudhani kwamba watu 30 wakiketi kwenye ukumbi wa kanisa au darasa la shule ya msingi kutazama filamu, sheria haiwahusu maadamu hawakutoza kiingilio. La hasha. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, huitaka filamu inayoonyeshwa hadharani iwe imeainishwa na Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya (KFCB). Bodi hiyo si ya kupuuzwa: mnamo Aprili 2018 iliipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, na ikabidi Mahakama Kuu iingilie kati Septemba mwaka huo ndipo filamu ikaonyeshwa kwa siku saba. Isitoshe, Katiba ya 2010, katika Mpangilio wa Nne, inaipa serikali ya kaunti jukumu juu ya sinema na maonyesho ya video. Chama kiende kwa afisa wa utamaduni wa kaunti kabla ya kubandika tangazo.

Kuna pia hakimiliki. Kununua santuri au kulipia filamu mtandaoni hukupa ruhusa ya kutazama nyumbani kwako. Kuionyesha mbele ya kundi kunahitaji idhini ya mwenye kazi. Waelekezi wetu si watu wa mbali kama wale wa Marekani. Barua ya heshima inayoeleza idadi ya watazamaji na kwamba hakuna faida inayotafutwa ina nafasi nzuri ya kusikilizwa. Kunakili filamu ya Nabwana kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhia data na kuivusha mpaka mfukoni ni kumwibia mtu aliyefyatua matofali ili aipige picha.

Vifaa si vingi. Projekta, shuka jeupe lililonyooshwa vyema, spika mbili na jenereta itakayowekwa mbali na dirisha, kwa sababu mngurumo wake huua filamu za sauti ya chini kama Something Necessary. Watazamaji 40 ni wengi vya kutosha. Wakizidi hapo, mjadala hugeuka mkutano wa hadhara na wanaozungumza ni wale wale wenye vifua vipana.

Saa nazo zina maana. Kibanda cha video kwa desturi ni mahali pa wanaume na wavulana, na kinamama wengi hukitaja tu wanapolalamika kwamba mtoto ametoroka shule. Chama kikikutana saa tatu usiku kitarithi desturi hiyo. Kikikutana Jumapili alasiri, baada ya ibada na kabla ya kazi za jioni, mwanamke anayeuza samaki sokoni Busia ataweza kuja.

Je, VJ awepo? Ubishi huu utazuka, na mwandishi huyu ana msimamo. Filamu za mapema za Kibinge zina Kiingereza kingi cha Nairobi, na mfasiri mahiri wa Kiswahili atazifanya tamu zaidi; hata akiongeza chumvi, hakuna litakaloharibika. Lakini jioni ya nne na ya tano mfasiri atafsiri maneno yaliyosemwa na kunyamaza pale filamu inaponyamaza. Wafasiri wa mpakani wamezoea kujaza kila pengo, hivyo ni vyema wakaonyeshwa filamu siku moja kabla.

Limebaki suala la madereva wa malori. Foleni ya Malaba humwacha dereva akisubiri kwa saa nyingi, mara nyingine siku kadhaa, hata baada ya vituo vya pamoja vya forodha kuanzishwa. Kwa hiyo wao ni watazamaji wa hakika. Ila simu ikilia kwamba foleni imesonga, dereva atainuka katikati ya filamu na kuondoka. Chama kimteue mwanachama mmoja wa kumsimulia sehemu iliyobaki atakaporejea kutoka Kampala, Juba au Kigali wiki mbili baadaye.